Wali wa Kasongo Ulifika Albertville Ukiwa Moto

Mama yangu, jambo sana! Ramazani iko muzima. Nakuambia hilo kwanza ili moyo wako utulie.

Telegramu iliposema kwamba mudogo wangu anakataa kula tangu walipomupasua tumbo, niliogopa nitakuta ameshazikwa. Kwa kamiyo, barabarani, ni siku tatu, tena madaraja yakiwa mazima. Lakini munganga wetu, yule daktari, alinipa nafasi katika ndege yake, na tulitumia saa moja na nusu tu! Kabambare, kule kwa mujomba, niliiona chini yangu, nyumba ndogo kama karanga zilizoanikwa. Nilipiga kelele mpaka piloti akacheka. Kisha ziwa likatokea, maji mpaka mwisho wa macho.

Tulipotua Albertville, nilikimbia mpaka lopitali na sufuria yako kifuani. Ramazani amekonda, Mama, sikufichi. Nilimuambia, "Mama amekupikia wali na kuku asubuhi hii."

Akageukia ukuta. "Kaka, usinidanganye kama mutoto. Kasongo iko mbali."

Nikafungua majani ya ndizi uliyofunikia sufuria. Muvuke ukamupanda usoni. Aliweka mukono juu ya wali, akaanza kulia. Kisha akainuka akakaa mwenyewe, akakata tonge, na lingine, na lingine, mpaka Sista akaja mbio: "Pole pole, wewe! Tumbo lako lina nyuzi!" Hakumusikia hata kidogo.

Sasa amelala, mudomo unang'aa mafuta, nami sitaki kumupangusa.

Mungu ailinde mikono yako, Mama.

Mutoto wako,
Asumani