Tulikulilia Ukiwa Hai

S.L.P. 83,
Chapwa, Tunduma.
10 Juni, 2012

Mpendwa mwanangu Osward,

Marahaba, maana najua ungekuwa hapa ungeanza na shikamoo. Hujambo huko Afrika Kusini? Shingo inaendeleaje, na ile kola waliyokufunga hospitali umeshavua? Sisi tunapumua. Baridi ya mwaka huu si mchezo, baba yako anashinda jikoni kwenye moto kama kuku anayeatamia.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nashindwa. Nikianza tu, machozi yananitangulia, nawe unasema mtandao unakatakata. Haukatiki, mwanangu. Nakujua.

Hujui siku ile ilivyokuwa hapa. Mwanafunzi mwenzako wa urubani alipopiga simu kusema umepata ajali ya ndege, baba yako hakungoja maelezo. Nani hapa amewahi kusikia mtu kapata ajali ya ndege akapona? Viti vikatolewa nje, moto ukawashwa uani, wanawake wa Chapwa wakaja na unga na kuni huku wakilia. Shangazi yako Restuta akapanda gari kutoka Ileje na kanga ya msiba kiunoni. Jioni ndipo ukapiga mwenyewe: "Mama, nimetua kwa kishindo tu."

Kishindo tu! Nilikaa chini palepale.

Watu wakacheka, mchungaji akageuza ibada ikawa ya shukrani, na ugali wa msiba tukaula. Restuta anasema tunakudai machozi yetu, na kwamba aliyezushiwa kifo huishi miaka mingi. Haya. Lakini mimi nilishakuzika mchana ule, Osward, na moyo wangu haujarudi mahali pake mpaka leo.

Baba yako sasa ndiye rubani wa mtaa. Kila mgeni anaonyeshwa kwa kandambili: ndege ilivyoshuka kwa kasi, ikadunda, ukaikandamiza pua, gurudumu la mbele likavunjika. Anaibamiza mezani, paa! Mimi natoka nje.

Halafu unatuambia Alhamisi unarudi angani, tena peke yako, mwalimu akibaki chini. Unaomba baraka zangu. Nikikunyima, utapaa ukiwa na huzuni yangu. Nikikupa, ni kama nimekusukuma kwa mkono wangu mwenyewe. Jamani, nifanyeje? Niambie wewe uliyesoma, maana mimi nimechoka kuwaza.

Barua hii nampa Mbonile, jirani yetu wa malori, anayepeleka mzigo huko. Foleni ya malori ya kuvuka mpaka kuingia Nakonde imerudi nyuma mpaka karibu na kwetu, na lori lake halijasogea tangu juzi. Hatafika kabla ya Alhamisi, hilo nalijua. Nimeandika hivyohivyo, ningefanya nini kingine?

Baba yako anakusalimu, na shangazi Restuta, na dada yako Gwantwa ambaye hataki kabisa kusikia habari za ndege. Mungu akushike huko ambako mkono wangu haufiki.

Ukiwa unaisoma hii, basi umeshatua. Nipigie, mwanangu.

Wako akupendaye asiye na la kufanya,
Mama yako, Elina