Hodi ya Maimuna Kwenye Grupu la Wauza Vitenge

Jumapili, 15 Juni 2025

Kwa Bi. Hajira, Mwenyekiti, na wanachama wote

UMOJA WA WAUZA VITENGE, MTAA WA NARUNG'OMBE, KARIAKOO

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika dukani kwa Mwenyekiti baada ya sala ya adhuhuri.

Waliohudhuria: Bi. Hajira (Mwenyekiti), Zahoro (Katibu), Mudi, Ummy, Ansbert.
Hakuhudhuria: Leticia (anamuuguza mama yake, Upanga).
Marehemu: Maimuna, mke wa Katibu, aliyefariki mwezi Machi.

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa dua na kuomba simu zizimwe. Simu ya marehemu, anayoitunza Katibu, iliachwa mezani ikiwaka kwa kuwa ndiyo iliyotukutanisha.

KUMB. NA. 2/6/2025: HODI ZA ASUBUHI
Mwenyekiti alikumbusha kwamba kwa desturi yetu, anayewahi kufungua duka hupiga hodi kwenye grupu la mtandaoni, na wengine huitikia "Karibu". Tangu arobaini ipite, akaunti ya Maimuna imekuwa ikipiga hodi kabla ya wote, kwa sauti yake.

Katibu alithibitisha kwamba sauti ni yake. Hutanguliwa na kikohozi chake kidogo, kikohozi kilekile kila siku, hakizidi wala hakipungui. Alieleza kwamba wakati wa ugonjwa Maimuna alijiunga na Salamu Zangu, programu ya watu wengine kabisa, si ya wenye mtandao wa grupu letu, inayotuma salamu kwa niaba ya mtu asiyejiweza. Aliirekodia sauti, akairuhusu kusoma majina na ujumbe wake. Hakutaka grupu limsahau.

KUMB. NA. 3/6/2025: GOTI LA MUDI
Mudi alikiri kwamba aliitikia "Karibu" kwa mazoea, ikaja linki ya Salamu Zangu ya kuomba ruhusa kwenye akaunti yake, akaruhusu bila kusoma. Kesho yake sauti ya Maimuna ilimuuliza goti linaendeleaje.

"Goti nimeumia juzi tu," alisema. "Nimemwandikia mke wangu Lindi, basi. Dada Maimuna kaambiwa na nani?"

Ummy alimjibu kwamba marehemu hawaulizii magoti, na kwamba mtu hafungui mlango kisha akauliza nani kaingia. Mudi alisema Ummy naye aliitikia. Ilibainika kwamba akaunti ya Ummy ilipiga hodi Ijumaa, yeye akiwa kliniki. Mwenyekiti aliwataka waheshimiane.

KUMB. NA. 4/6/2025: UAMUZI
Mwenyekiti alipendekeza asiitikie mtu, kwani mgeni asipoitikiwa hodi ya tatu huondoka.

Ansbert, ambaye pia hutengeneza simu, alipinga. "Bi. Hajira, hodi hupigwa na aliye nje. Huyu yumo ndani."

Alieleza kwamba ruhusa huondolewa kwenye akaunti iliyoitoa, na pasiwedi ya Maimuna anayo Katibu peke yake. Ikiondolewa, sauti haitatumwa tena. Yaliyokwisha kuchukuliwa hayarudi.

Mudi na Ummy waliwasha simu zao, wakaondoa ruhusa zao. Katibu aliomba apewe muda. Alisema Maimuna alikuwa akipiga hodi hata kwenye duka tupu, eti anaamsha vitenge, na kwamba nyumbani sasa hakuna anayekohoa.

Mwenyekiti alimwambia: "Shemeji, hukatazwi kumlilia. Lakini huyu si yeye, anatuchungulia kwa macho ya Maimuna."

Katibu alifungua akaunti, akabonyeza "Ondoa". Simu ilikohoa. Sauti ya Maimuna iliuliza:

"Una uhakika unataka kuniacha?"

Ansbert alieleza kwamba programu hiyo huuliza hivyo kwa kila anayejitoa.

Katibu alibonyeza "Ndiyo".

KUMB. NA. 5/6/2025: KUFUNGA KIKAO
Mudi aliuliza kama kesho asubuhi patakuwa kimya. Ansbert alisema hajui, kwani haijulikani kama Leticia naye aliitikia na kuruhusu. Katibu aliagizwa kumpa Leticia taarifa hii kwa kumfuata Upanga, si kwa simu. Kikao kilifungwa saa nane na nusu mchana.

Mwenyekiti: Hajira ....................
Katibu: Zahoro ....................

Naomba mumkumbuke Maimuna kwenye dua zenu.