Majembe Yangu Siku ya Kura

Kidahwe, 8 Novemba 1970

Mdogo wangu Bibiana,

Sisi wazima. Mbuzi wako kazaa pacha, na dume nimempa jina la mumeo, maana hanyamazi.

Tumepiga kura ya mbunge, mgombea mmoja alama yake jembe, mwenzake nyumba, nami nusura nikamatwe. Msimamizi wa kituo, kijana mgeni mwenye soksi ndefu, alinikuta kwenye baraza la duka langu, mkabala na shule, nimepanga majembe yangu ya kuuza, kama kila siku.

"Mama Gervasi, ondoa! Hiyo ni kampeni."

Majembe arobaini, jasho langu la kuuza mawese, na mvua ndiyo kwanza zimeanza! Nikamuuliza, "Mwanangu, kura zinapigwa wapi?"

"Darasani."

"Darasa lina kuta, lina paa, lina mlango. Si nyumba hiyo? Unawaingiza watu ndani ya alama ya mmoja, halafu ya mwenzake niifiche mimi?"

Foleni ikacheka, kisha ikagoma kuingia. Wazee wakaketi chini kabisa. Ikabidi sanduku litolewe uwanjani, na mablanketi yatundikwe ili kura ibaki siri. Manyunyu yalipoanza, kijana akaniuliza kwa adabu kama turubai nalo ni nyumba. Nikamruhusu.

Jembe limeshinda. Dukani kwangu halijabaki hata moja, na watu wananiamkia kama mke wa mbunge. Naitikia. Kura ni siri, lakini wewe ni damu yangu: mimi nilichagua nyumba.

Dada yako mpenda haki,
Rozalia