Watoto wa Darasa Lako

Mama,

Tangu tukuzike nimekuwa nikiongea na wewe kimoyomoyo. Leo nimeona niandike, maana jambo hili limenikaa kooni na hapa Pasiansi sina wa kumwambia.

Kanisani mambo yamebadilika. Mchungaji mpya amesema imani ya mtoto haiwezi kulelewa Jumapili peke yake. Kwa hiyo walimu wa shule ya Jumapili sasa wanapita majumbani jioni, wanakaa na wazazi na kuwaonyesha namna ya kusali na kusoma Neno pamoja na watoto wao. Kwetu alitumwa Pendo, yule fundi cherehani wa Buzuruga. Unamkumbuka. Ulimfundisha tangu akiwa mdogo.

Jioni ya kwanza alisimulia habari ya Yesu kutuliza dhoruba. Mama, alisimulia kama wewe. Ziwa likachafuka kama linavyochafuka kule Ukerewe, Petro akahangaika na taa za kuvulia dagaa zisizimike, na Pendo akajaza mashavu upepo, akapuliza. Wajukuu zako Kulwa na Doto walicheka mpaka wakaegemeana. Kisha Doto akanigeukia: "Mama, na wewe bibi alikufundisha hivi?"

Niliinuka nikaenda kuangalia ugali, na ugali ulikuwa umeshaiva.

Ningemjibu nini? Wewe ulikuwa mwalimu wa watoto wote wa kanisa. Ukirudi nyumbani ulivua viatu mlangoni, ukajilaza kwenye mkeka na kuniambia, "Mwanangu, sauti nimeimaliza kanisani." Nami nilikuletea maji, nikakukanda miguu. Hadithi zako nilizisikia nikiwa benchi la nyuma, katikati ya watoto wa watu, na hukuniita mbele hata mara moja, wasije wakasema unampendelea wako. Nyumbani tulisali wakati wa kula tu, haraka haraka, chakula kisipoe.

Siku ya msiba walikuja wengi, watu wazima uliowafundisha, wakalia, "Mama yetu." Niliwapa mkono na kuwashukuru. Moyoni nilikuwa nawaka. Mama yenu kivipi?

Pendo aliendelea kuja. Wanangu wakawa wanamkimbilia getini. Akasali kwa maneno yako yaleyale, "Bwana, utufunike kama kuku na vifaranga," na wao wakayashika. Wanangu wakawa wanasali kwa maneno ya bibi yao, na aliyewapa si mimi. Jioni moja nikamsindikiza hadi barabarani nikamwambia, "Pendo, wiki ijayo usije."

Nilidhani atakasirika. Akasimama, akafunga vizuri kitenge chake. "Sawa, dada. Mchungaji alituambia mzazi akiishika kazi yake, sisi tuondoke." Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilikuwa nakuonea wivu. Sisi kengele ikilia tulikuwa tunaondoka. Wewe ulikuwa unaondoka naye."

Nilirudi nyumbani polepole.

Jumanne iliyofuata niliishika Biblia mwenyewe. Masanja, mume wangu, alizima redio, akakaa. Unajua yeye na kanisa. Nilisoma ile habari ya dhoruba nikikwama. Kujaza mashavu upepo sikuweza, Mama. Nikaanza kulia mbele ya watoto. Kulwa akaja akanipapasa mgongo, na Masanja, ambaye sijawahi kumsikia akisali, akasema, "Basi tumwombe Mungu ampumzishe bibi yenu." Akaomba. Maneno machache, ya kukatikakatika. Watoto wakaitikia amina kwa nguvu hata jirani akachungulia.

Sasa tunakaa kila jioni. Pendo nimemwalika Jumapili aje kula sato, kama mgeni, si kama mwalimu.

Sitakudanganya kwamba yamekwisha. Nikimwona Pendo kanisani na watoto wamemzunguka, naona ulichompa na nakitaka. Nakitaka chote, hata kile kidogo alichobaki nacho. Pengine nitakitaka mpaka nami nizeeke.

Lala salama, Mama yangu. Nakuahidi jambo moja tu: nitajitolea kanisani wakinihitaji, lakini Kulwa na Doto hawatakua wakimwonea mtu wivu kwa ajili yangu. Wivu huu utaishia kwangu.

Mwanao,
Rehema