Nimempa Shemeji Presha Yangu

Mshauri wangu, kabla sijaanza naomba utulie dakika tano, maana ndivyo tulivyofundishwa, mtu asipimwe kabla hajatulia, na hii barua yangu inahitaji mtu aliyetulia. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na tisa, mwembamba, na nimeajiriwa kwa muda kwenye utafiti wa nchi nzima wa presha kwa watu wazima, yaani tunapita nyumba kwa nyumba na mashine, tunamfunga mtu mkanda mkononi, tunampima mara tatu, tunaandika kwenye simu ya kazi, tunamuuliza kama alikuwa anajua ana presha na kama alikuwa anajua, je, dawa anameza au anazitunza kabatini, ili ijulikane presha inapanda au inashuka na wanaotibiwa ni wangapi. Kazi naipenda, na sare inanikaa vizuri.

Tatizo ni wanaume. Wanawake nawapata, lakini wanaume wa jengo letu wanatoka kabla sijafika na wanarudi nikishafunga kazi, na utaratibu unasema mtu asipopatikana mara tatu uandike "hakupatikana", ila msimamizi wetu alishatuambia mbele ya wote, "Mkiniletea hakupatikana nyingi mtanipa presha mimi," na mimi nilikuwa nazo saba, zote za jengo ninaloishi, watu ninaowajua umri na unene wao, mmojawapo akiwa shemeji yangu, kaka wa mume wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, anayekaa ghorofa ya juu yetu. Basi nikakaa kwenye ngazi, nikajifunga mkanda mwenyewe, nikajipima kwa niaba yao.

Kweli tena, nilidhani nawapa namba nzuri. Mashine ikasoma 172 kwa 106, nikasema ni hizi ngazi nilizopanda, nikatulia dakika tano, ikasoma 168, nikasema mashine imechoka, na kwa wanaume waliofuata nikabadilisha mkono, nikanywa maji, nikaegemea ukuta, ili zipatikane tofauti, lakini hazikutofautiana sana, nikaona basi, angalau watafanana kama majirani. Nikatuma.

Sikujua kwamba mtu namba zake zikiwa juu, simu yake inapokea ujumbe wa kumtaka afike kituo cha afya. Sita waliufuta wakidhani ni matapeli. Wa saba, shemeji, mtu mtiifu, alishuka kwetu na simu mkononi akaniuliza, "Shemeji, mimi ulinipima lini?" nami nikajikuta namwambia, "Jumapili ile, ulipolala kwenye kochi letu." Akaniamini, maana akilala huyo hata ukimhamisha na kochi hajui.

Kituoni hakwenda, aliona foleni ni ndefu, akaazima dawa kwa mama mkwe wake ambaye ana presha ya siku nyingi, na sasa ni wiki ya tatu anameza kila asubuhi, ameacha chumvi, ameacha kubishana na watu, na kila anayekutana naye anamwambia, "Shemeji yangu ameniokoa maisha," na mama mkwe wangu mimi, yaani mama yake mzazi, ambaye hajawahi kunisifu hata kwa chai, amenishika mikono miwili akaniombea heri. Mshauri, mwili wangu ulisisimka wote. Halafu Alhamisi iliyopita shemeji alikuwa amechuchumaa anachomelea geti la mteja, akasimama, akaona giza, akaanguka na chombo mkononi. Bahati wenzake walizima umeme. Ameshonwa nyuzi nne kwenye nyusi, na bado anasema ingekuwa vibaya zaidi bila hizo dawa.

Ofisini nako msimamizi amesimama mbele ya ramani akasema eneo letu presha imepanda kuliko utafiti uliopita, hasa kwa wanaume, huenda kuna kitu kwenye maji. Mimi nilitikisa kichwa kama wenzangu. Naomba unieleze, nimwambie shemeji, au nimwache aache mwenyewe taratibu dawa zikiisha kwa mama mkwe wake? Na kuhusu mimi, nimejipima tena mara nane, ni zile zile, ila sisikii chochote, kwa hiyo sina haraka.

Ni mimi, Mpimaji.

MSHAURI ANAJIBU

Mpimaji, nimetulia dakika tano kama ulivyoomba. Haikusaidia.

Kila wiki napokea barua za watu wanaolalamika kwamba shemeji anawapa presha. Wewe ni wa kwanza kumpa shemeji presha, tena kwa maandishi, na ikapokelewa. Pole kwa kazi ya kutafuta wanaume wasiokaa nyumbani, na pole kwa msimamizi asiyetaka kusikia ukweli wa neno "hakupatikana". Huruma yangu inaishia hapo.

Unaniuliza kama umwache amalize dawa za mama mkwe wake. Dada, umefikiria huyo mama mkwe anameza nini wakati mkwewe anamsaidia kumaliza? Umewaweka watu watatu kwenye kopo moja la dawa. Mzima anameza, mgonjwa wa siku nyingi anapunjwa, na mgonjwa mpya anaandika barua gazetini. Na huyo mzima kazi yake ni moto na chuma. Safari hii ni nyusi. Ukisubiri kopo liishe, utakuja kuniandikia barua nyingine ambayo sitaweza kuijibu.

Sasa wewe. "Sisikii chochote, sina haraka." Umepita nyumba ngapi ukiwaeleza watu kwamba presha huwa haina dalili? Uliowaambia walikuwa wanakusikiliza, ila wewe mwenyewe hukuwepo. Wembamba wako haujui lolote kuhusu mishipa yako. Mikono yako imesoma juu mara ishirini na moja kwenye ngazi na mara nane baada ya hapo, na bado unaisingizia mashine. Najua unachoogopa, na sikucheki kwa hilo. Unaogopa kuambiwa umeze kidonge kila siku, pengine maisha yako yote, na uwe miongoni mwa wale uliokuwa unawahesabu. Inatisha. Wengi wanaogopa hivyo hivyo, ndiyo maana kwenye hayo madodoso yenu kuna watu wanaojua wana presha na dawa ziko kabatini. Ila wao angalau hawakumtafutia mtu mwingine wa kuugua badala yao.

Ukimaliza kusoma hapa, panda ghorofani. Usianze na "shemeji, kuna jambo dogo", maana si dogo. Mwambie: sikukupima, namba zile ni zangu, usimeze kidonge kingine mpaka mhudumu wa afya aseme. Atakasirika, na ana haki. Akimaliza, au hata kabla hajamaliza, chukueni hilo kopo mwende kituoni, mama mkwe wake naye aende, foleni mtaipanga pamoja. Apimwe akiwa macho. Mweleze muuguzi amemeza nini na kwa siku ngapi, na kuhusu kuanguka usifiche.

Kesho yake nenda kwa msimamizi, ufute wale wanaume saba, uandike "hakupatikana" mara saba. Huenda ukavuliwa sare. Vua. Nchi inataka kujua hali ya watu wake, na kwa sasa jengo zima lina mkono mmoja. Mume wako na mama mkwe wako wasikie kutoka kwako kabla hawajasikia kwa fundi, maana fundi ataeleza kwa sauti.

Lakini kituoni usije ukakaa kwenye benchi kama msindikizaji. Kunja mkono wa nguo, uweke mkono wako mezani. Muuguzi akishasoma mashine atakuuliza aandike jina la nani. Taja lako.