Kwa Enid Robson, Aliyegawa Suti za Clifford

Mwaka umetimia, Mama, tangu tulipokuzika hapa Hexham kwenye mvua isiyo na adabu. Tulipanga kukukumbuka kimyakimya, keki na chai kwa binti yako Judith, basi. Lakini Clifford, mumeo wa zamani na baba yetu, anazunguka mjini akiwaambia watu kwamba ulimsamehe kabla hujafa. Kwa hiyo tunakuandikia gazetini, ili na wengine wasikie kutoka kwa waliokuwapo.

Kila Jumanne na Ijumaa ulisimama nyuma ya kaunta ya duka la hisani, linalouza vitu vya msaada kuichangia hospisi, nyumba ya wagonjwa wasiopona, bila mshahara, na hatujaona mtu aliyefurahia kazi ya bure kama wewe. Ulipenda kufungua mifuko ya vitu walivyoleta watu. Ulipekua mifuko ya makoti ukatoa pipi, tiketi za sinema, na siku moja meno ya bandia, ambayo mwenyewe aliyafuata akiwa amefunika mdomo kwa leso. Nyumbani hukurudi mikono mitupu. Ulituletea vikombe visivyo na visahani na vitabu vya mapishi vyenye madoa ya mchuzi, ukisema doa ndilo ushahidi kwamba chakula hicho kinalika. Judith aliolewa akiwa amevaa kofia ya pale, na Jumanne iliyofuata ukairudisha dukani ili bibi harusi mwingine naye aifaidi.

Kisha ikatokea ile ya sweta. Uliivua ukaiweka kwenye kiti chumba cha nyuma, ukaenda kuchemsha maji ya chai. Dada yako Norma, aliyekuwa akijitolea pamoja nawe, akadhani imeletwa na mtu, akaipachika bei na kuitundika. Chai haijamiminwa, sweta imeuzwa. Jumapili ukaikuta kanisani mwilini mwa mke wa kasisi. Ulimsifu kwamba imemkaa vizuri, na uliporudi ukatuambia, "Sikuililia sweta. Ila kuona kitu chako kimempendeza mwenzio kunakata maini." Maneno hayo uliyaweka akiba.

Clifford alipokuacha akamfuata Yvonne wa klabu ya gofu, alisema atakuja kuchukua nguo zake akipata nafasi. Ulimsubiri hadi theluji ikayeyuka. Wanawake wengine hukata mikono ya suti kwa mkasi, lakini wewe hukuwa na haraka hiyo. Ulizifua zote, ukazipiga pasi, ukashona vifungo vilivyolegea, ukaziandaa kana kwamba zinakwenda harusini. Kisha ukazikokota mpaka dukani na kumwambia Norma azipe bei ya kutupa, zisitoke nje ya mji.

Hazikutoka. Mlevi wa kituo cha basi alipata koti la klabu ya gofu lenye nembo. Daktari wa meno akapata suti nyeusi, na kaka yake Yvonne mwenyewe, bila kujua, akanunua viatu vya kuchezea dansi. Kila Clifford alipogeuka alikutana na Clifford mwingine, na wengi wao walipendeza kumshinda.

Lililomuuma zaidi ni lile koti la kijivu aliloshonewa na fundi wa Edinburgh. Alilifuata dukani siku ya Ijumaa, watu wamejaa.

"Enid, usinifanyie hivyo. Koti lile langu."

Ukamtazama juu ya miwani. "Lilikuwa lako, Clifford. Kinachotolewa hapa hakidaiwi. Ukilitaka, foleni inaanzia kule mwisho."

Akapanga. Mbele yake alikuwa Bwana Dodds wa buchani, na koti analo mkononi. Alilipia akalivaa palepale. Hakuna aliyecheka, maana watu wa mji huu huenda kuchekea nyumbani.

Sasa huo msamaha. Ulipougua ukalazwa kwenye hospisi ileile uliyoichangia kwa miaka, Clifford alikuja na zabibu. Judith alikuwa ameketi dirishani na alisikia kila neno. Clifford alisema amezeeka, akauliza kama umemsamehe. Ukamuuliza, "Koti la kijivu ulilipata?"

"Sikulipata, Enid."

"Basi endelea kutafuta."

Akatoka akifuta machozi. Mlango ulipofungwa ulicheka mpaka ukakohoa, na muuguzi akaja mbio. Kama huo ndio msamaha, basi sisi hatukijui Kiingereza tulichozaliwa nacho.

Wanaume sita walilibeba jeneza lako. Hatukuwapangia mavazi, kila mmoja alivaa suti yake nzuri, na kila suti ilikuwa ya Clifford. Bwana Dodds alitangulia na lile la kijivu. Clifford alikaa safu ya tatu akaangalia nguo zake zikikupeleka. Baadaye, kwenye chai, alituomba kitu kimoja tu, ile skafu nyekundu ya hariri aliyokununulia mkiwa wachumba. Lesley akamjibu, "Tumeitoa, Baba. Duka la hisani. Lipi, hatukumbuki."

Tangu siku hiyo anapita maduka ya hisani ya miji ya jirani: ameonekana Morpeth, ameonekana Carlisle. Wiki iliyopita Bwana Dodds alimkuta kule Alnwick amepiga magoti kwenye kikapu cha skafu, akiinua moja moja na kuinusa. Norma alimwonea huruma, akasema tumwambie ukweli. Tulikuwa karibu kukubali, mpaka tukasikia tena ile habari ya kusamehewa.

Haya, tunamwambia. Gazeti hili hulisoma kila Ijumaa.

Skafu haikufika duka lolote. Unayo mwenyewe, Mama, shingoni, tulikufungia kwa mikono yetu kama ulivyotuagiza. Ulisema ya Clifford yote umeweza kuyatoa isipokuwa hiyo, na kwamba asiambiwe mpaka achoke. Tunadhani sasa amechoka.

Tunaokukumbuka ni wanao Judith na Lesley, dada yako Norma, wajukuu zako Rowan na Imogen, na wenzako wote wa kaunta. Wewe tutakukumbuka siku zote. Na yeye hatumsahau.