Mbwa wa Okeyo

Ndhiwa, Jumamosi, 14 Machi 1964

Nimeungama, na mambo yameharibika zaidi.

Jirani yangu Okeyo humfunga mbwa wake, Simba, kwenye ghala la mahindi na kumsahau. Tangu Krismasi namrushia juu ya ua kambare, wale mumi ambao wageni huniletea wakija kuniaga. Okeyo ni Msabato. Samaki asiye na magamba haingii bomani mwake. Akadhani mbwa ananenepa kwa maombi.

Leo alipita akitoka kanisani. "Mwalimu, nimetoa ushuhuda wa Simba. Watu wamelia!"

Sikuweza kufa na jambo hilo. Nikamwambia ukweli, nikamsihi amlishe nikiondoka.

Akauliza, "Mumi?"

"Mumi, ndugu yangu."

"Hata Sabato?"

"Sabato nilimwongezea, maana siku hiyo ninyi hampiki."

Akaenda, akarudi akimburuta Simba, akamfunga kwenye mguu wa kitanda changu. "Huyu sasa ni Mkatoliki. Ni wenu."

Kesho padri anakuja kunipaka mafuta ya wagonjwa. Nitamwomba angoje kidogo. Siwezi kufa kabla sijapata Mkatoliki mwingine anayependa mbwa, na padri mwenyewe huwaogopa.